Paa la Chumbani kwa Mama

Wiki iliyopita niliwaacha chini ya meza ya chakula, nimekumbatia sufuria ya maharage, mvua ya mawe ikilipiga bati letu kana kwamba kijiji kizima cha Maguu kina kesi na sisi. Tokeni sasa. Mvua ilishakatika. Maharage yalipona, mimi nilipona. Paa ndilo lililobaki na hali mbaya.

Kwa msomaji aliyeamka leo: naitwa Loveth. Nina diploma ya maendeleo ya jamii na ulimi ambao sikufundishwa chuoni. Ulimi huo ndio ulionifukuzisha kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni kule Mbamba Bay, siku nilipomuuliza mheshimiwa mmoja, kwa Kiswahili sanifu kabisa, kama mke wa leo naye nimwandike kwa jina lile lile la mke wa wiki jana.

Nikarudi nyumbani milimani bila kazi, ila nikiwa na mchumba. Kombo ni fundi wa kuezeka. Baba yake, Mzee Abdulhamid, ni mgane mwenye asili ya Kilwa. Ana duka la mabati Mbamba Bay, na mara kwa mara hupandisha gari lake huku juu kuwauzia wakulima wa kahawa.

Posa ilishaletwa. Ukoo wangu ukaikalia.

Aliyeikalia kwa uzito zaidi ni Baba mdogo Edmund, mdogo wake marehemu baba. Yeye anasema hana neno na Waislamu hata kidogo. Ana neno na mkwe atakayekaa kwenye sherehe ya ukoo akisukuma sahani ya kitimoto pembeni kama vile tumemwekea nyoka.

Na Mama yangu, Mama Serafina, mjane wa miaka mingi na mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, hakusema ndiyo wala hapana. Kila nikimuuliza alinijibu tungoje mvua.

Basi mvua ikaja, na mawe juu yake.

Ngoro zote mlimani, yale mashimo tunayolimia, zilijaa barafu, ungedhani kila shimo lina ndoo ya mchele. Maua ya kahawa yalilala chini. Paroko alisema ni majaribu. Sikumbishia, ila niliona bati la nyumba yake nalo limebonyea, nikajua majaribu hayabagui.

Hapo ndipo Baba mdogo alipopata akili mpya. Alikuja na Shangazi Scholastica, dada mkubwa wa ukoo, akakaa kwenye kochi la marehemu baba na kutoa tamko. Kijana anajiita fundi. Paa la shemeji limepigwa mawe. Basi aje Jumamosi akague, bure, nyumba nzima, na akishamaliza atapewa jibu la posa siku hiyo hiyo, papo hapo sebuleni.

Mimi nilishangilia kimoyomoyo. Kumkaribisha Kombo aonyeshe ufundi wa bati ni kama kumkaribisha samaki aonyeshe anavyoogelea. Sikujua bado mzee ametega wapi.

Jumamosi Kombo alifika kwa bodaboda kutoka njia panda, begi la nyundo mgongoni, samaki wawili wakavu wa ziwani, mbasa, mkononi wamefungwa kwenye gazeti. Akamwamkia Mama macho yakiwa chini, kama mkwe anavyotakiwa.

Mama aliitikia marahaba. Kisha akamtazama kwa muda, akamwambia amekonda, ale vizuri.

Nikaona mambo yanakwenda. Mama hamwambii mtu asiye wake kwamba amekonda. Baba mdogo alishawahi kuugua mpaka suruali ikamvuka, Mama akamwambia tu pole.

Kabla Kombo hajagusa ngazi, Shangazi alimshika Mama mkono akampeleka mwisho wa uwanja, kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Alisema si adabu mkwe kutembea juu ya kichwa cha mama mkwe. Baba mdogo akasahihisha kwamba hakuna mkwe hapa, kuna fundi.

"Basi fundi si adabu kutembea juu ya kichwa cha mama wa mtu," Shangazi akasema, na akabaki ameshika mkono wa Mama.

Kombo akapanda. Nilikuwa nimeshika ngazi chini, na nisiwafiche, kazi ya kushika ngazi ina mandhari yake nzuri.

Alitembea kwa kufuata mistari ya misumari, kwa sababu chini ya misumari ndiko mbao ziliko. Ukikanyaga katikati unaongeza mibonyeo yako juu ya ile ya mvua. Kila mahali jiwe lilipopiga alichora duara kwa chaki. Paa zima likawa na maduara kama ngozi ya mtoto mwenye surua. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kubonyea si hoja, bati lililobonyea bado ni bati. Ubaya uko pale ambapo kutu ilishaanza kula, kwa sababu hapo jiwe halibonyezi, linapita. Na mipira ya misumari ikipasuka, maji yanashuka taratibu kwa miezi kabla hujajua.

Baba mdogo alikuwa anazunguka nyumba mikono nyuma, akitikisa kichwa kila Kombo anapogonga.

Kombo aliposhuka alisema upande wa juu amemaliza, ila lile bati lenye kutu zaidi, la upande wa nyuma, hataliamini mpaka aliangalie kwa ndani. Na kofia pia. Mafundi wanaita kofia lile bati lililokunjwa linalofunika mgongo wa paa, pale pande mbili zinapokutana. Jiwe likiinua kofia hata kidogo, ukiwa juu huoni kitu. Ukiwa chini, gizani, unaona.

Namna yenyewe ni rahisi. Unangoja jua la mchana likae sawasawa. Unafunga madirisha na milango, unaingia chumbani, unaacha macho yazoee giza, halafu unatazama juu. Kila tundu ni nyota. Unachukua njiti ya ufagio, unaichomeka kwenye nyota yako, na fundi akirudi juu ya paa anazikuta njiti zimesimama zikimwonyesha pa kuziba.

Tulianza na sebule. Kombo, mimi, Baba mdogo, Shangazi na Mama, wote kimya gizani kama watu wa mkesha. Zikajitokeza nyota, moja, nyingine, kisha kundi zima juu ya kabati la vyombo.

"Kumbe mbinguni kulikuwa karibu hivi," Shangazi akasema. "Na mimi nahangaika na novena."

Tukaenda jikoni, tukaenda chumba cha wageni. Chumbani kwangu Kombo aliingia Shangazi akiwa amesimama katikati yetu kama nguzo, akikohoa kila tulipokuwa tunataka kutazamana. Kila mahali Kombo alisema atakachofanya: hapa gundi ya bati na kiraka, hapa msumari mpya wenye mpira, hapa bati zima litolewe. Hata Baba mdogo alianza kuuliza maswali ya mtu anayetaka na kwake kukaguliwe.

Kisha tukarudi sebuleni, na Baba mdogo akakaa kwenye kochi, akakunja nne.

"Kimebaki chumba gani?" akauliza. Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala, na yeye ndiye aliyebeba matofali yake.

Kombo akatazama sakafu. Mlango uliobaki ulikuwa na pazia la maua mekundu. Ulikuwa wa Mama.

"Hapo siingii, Baba mdogo," akasema.

"Kwa nini? Bati lenye kutu si liko upande huo huo?"

"Liko huko. Lakini siingii."

"Daktari haogopi mgonjwa. Fundi gani anaogopa chumba?"

"Ni heshima tu, Baba mdogo."

"Heshima ya nani kwa nani? Posa haijajibiwa. Hapa wewe ni fundi. Au umeshajipa ukwe mwenyewe, tukupe na kiti cha mkwe?"

Nikauona mtego, na nikakiri kimoyomoyo kwamba umesukwa vizuri. Mkwe hakanyagi chumba anacholala mama mkwe. Hiyo inajulikana Maguu, inajulikana Mbamba Bay, inajulikana hata huko Kilwa walikotoka babu zake Kombo. Akiingia, amekubali mbele ya mashahidi kuwa yeye si mkwe wa nyumba hii, ni kibarua. Atapewa soda na asante, na posa yake itafuata soda. Asipoingia, amemwacha mjane alale chini ya bati linalovuja, na Baba mdogo atauliza mwanamume gani huyo asiyemaliza kazi.

Nikafungua mdomo nimpe Baba mdogo kipande cha diploma yangu. Mama akaniwahi.

"Aingie," akasema.

Baba mdogo mwenyewe aligeuza shingo kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba.

"Mama," nikasema, "umesikia ulichosema?"

"Nimesikia. Si mimi niliyesema?"

"Unamwambia aingie chumbani kwako."

"Ndicho nilichosema. Kombo, ingia, paa lisikushinde kwa sababu ya pazia."

Miezi yote ile ya kungoja mvua, kumbe jibu lilikuwa hilo. Mama yangu, aliyemwambia amekonda, alikuwa anamfukuza kwa upole mbele ya ukoo, kwa neno moja ambalo hakuna mtu angeweza kulikatia rufaa.

Kombo hakusogea. Alinitazama, nami nikajua anangoja ulimi wangu ufanye kazi iliyowahi kunifukuzisha kazi.

"Haina haja," nikasema. "Mimi nitaingia. Yeye akae huku nyuma ya pazia aniulize, mimi niwe macho yake. Paa litakaguliwa na heshima itabaki."

Shangazi akapiga paja, akasema huyo ndiye mtoto aliyesomeshwa na kahawa yetu.

Mama akasimama. "Wewe usiingie."

"Kwa nini?"

"Sijatandika kitanda."

"Serafina," Shangazi akasema, "wewe unatandika kitanda hata ukiwa na malaria."

"Leo sijatandika."

Sasa nambieni, ninyi wasomaji wenye akili. Mwanamume wa watu aingie, binti yake asiingie. Nilipaswa kusimama nijiulize. Sikujiuliza. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira haulizi, anaingia. Nikachomoa njiti kwenye ufagio, nikapita chini ya mkono wa Mama, nikafunga dirisha.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Shuka limenyooka kama meza ya altare.

Giza likanipokea. Nyuma ya pazia nikasikia Kombo anasogea mpaka ukingoni kabisa, hata kidole chake cha mguu hakikuvuka.

"Umefunga dirisha?"

"Nimefunga."

"Acha macho yazoee. Usitazame juu kwanza."

Nikatulia. Chumba cha Mama, kama vyumba vyote humu, hakina dari. Ukitazama juu ni mbao na bati tupu. Nilipoinua uso niliona nyota nyingi kuliko vyumba vyote. Juu ya kitanda kulikuwa na tundu moja kubwa kama kucha ya kidole gumba, na mwanga wake ulishuka kwa mshazari kama tochi, ukapita juu ya mto, ukaenda kutua ukutani.

"Unaona nini?"

"Nyota. Bati la nyuma limekwisha, Kombo. Kuna tundu juu ya kitanda hata ndege anapita."

"Nilijua. Haya, tazama kofia. Unaiona kofia?"

Nilikuwa nimeufuata ule mwanga mpaka ukutani. Ulikuwa umetua kwenye msumari. Kwenye msumari ilining'inia rozari ya Mama, ile ya bluu aliyoletewa kutoka Peramiho. Na juu ya rozari kulikuwa na kitu kingine.

"Naiona," nikasema.

"Imekaaje?"

"Imetundikwa."

"Kofia haitundikwi, inapigiliwa. Haijapinda?"

"Haijapinda. Nafikiri imepigwa pasi."



"Loveth, mimi naongelea kofia ya bati."

"Mimi siiongelei hiyo."

Nikaichukua, nikasogeza pazia, nikasimama mlangoni. Mkononi nilikuwa na kofia ya viua, nyeupe, ya kudariziwa kwa mkono, ya kichwa kikubwa cha mwanamume mtu mzima. Katika ukoo wetu wa Wakatoliki hakuna anayevaa kofia ile. Baba mdogo anavaa pama. Paroko ana kofia yake, lakini si ya namna hiyo, na nilishukuru Mungu si ya namna hiyo.

Kombo aliitazama kama mtu aliyeona kivuli chake kinatembea peke yake.

"Hiyo ni ya Baba," akasema polepole. "Ilishonwa na shangazi yangu, Mwanabibi. Baba alisema upepo wa ziwani uliichukua."

"Upepo huo una nguvu," Shangazi akasema. "Umepandisha milima yote mpaka Maguu, umekata kona, umeona msumari."

Baba mdogo alisimama, akakaa, akasimama tena. Akauliza maana ya kitu hiki ni nini. Maana yake ilikuwa inaonekana hata bila kufunga madirisha.

Mama hakulia wala hakuziba uso. Alivuta kiti cha mbao, akakaa katikati ya sebule, akaweka mikono magotini kama anayesubiri kupigwa picha.

"Baba Loveth alipokufa mliniambia nijikaze," akasema. "Nikajikaza. Nimepalilia kahawa, nimesomesha huyu mwenye mdomo, nimewapikia ninyi kila mkija kunipa amri. Nimemaliza kujikaza. Siku ya mawe Mzee Abdulhamid alikuwa humu."

"Humu wapi?" akauliza Baba mdogo.

"Chumbani. Chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda," nikarudia.

"Tulikuwa wote wawili. Usinitazame hivyo, Loveth, mawe yalikuwa yanapita kwenye bati. Ulitaka tukae juu?"

Nikaikumbuka Jumapili ile. Mimi chini ya meza, nampigia Mama kelele atoke chumbani aje huku kwenye mbao ngumu, na yeye ananijibu kwa nyuma ya mlango kwamba yuko salama mikononi mwa Bwana. Nilidhani anasali.

Shangazi aliangua kicheko akakizuia kwa kitenge, kikatokea puani.

Lakini Kombo hakucheka. Alikuwa bado anafikiri, na nikaona fikra zake zinafika mahali ambapo zangu zilikuwa hazijafika.

"Mama," akasema, "uliponiambia niingie."

"Eeh."

"Hukuwa unanifukuza."

"Nikufukuze kwa kosa gani?" Sauti ya Mama ililainika kwa mara ya kwanza. "Mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Lakini mtoto wa kiume anaingia chumba cha mama yake, hata viatu havui. Mimi na baba yako tunapendana, na mimi nimeshaamua. Nilikuwa nakukaribisha nyumbani."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani afadhali angemfukuza. Kijana aliyefukuzwa unaweza kumfuata. Ukitoroka naye mnakuwa wapenzi waliotoroka, na watu wana huruma na watu wa namna hiyo. Lakini huyu alikuwa amefanywa kaka yangu, kwa neno moja la ukarimu, mchana kweupe, mbele ya ukoo.

"Kama yeye ni mtoto wako," nikasema, "mimi ni nani wake?"

Mama akatazama mikono yake.

Kombo akajaribu. Akasema kwa dini yao jambo hili halizuiliwi. Watoto wa baba huyu na mama yule, wasio na damu moja, wanaweza kuoana. Baba mdogo, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anamwekea mtego, sasa alimwinulia kidole kama hakimu. Kwa dini yenu sawa, akasema, lakini kwa ukoo huu je? Mahari itoke kwa Abdulhamid iende kwa Serafina, na wote wawili wanalala kitanda kimoja? Itoke mfuko wa suruali iende kwenye pindo la kitenge, na sisi tukae hapa tupige vigelegele?

Nilitaka kumchukia, lakini hoja yake ilikuwa na miguu.

"Ungeniambia, Mama," nikasema. "Ungeniambia kabla sijampenda."

"Na wewe ungeniuliza kabla sijapenda."

"Mimi nilianza Pasaka."

"Mimi nilianza kabla yako, msimu wa kuchuma, wewe bado unagombana na waheshimiwa huko Mbamba Bay."

"Kwa hiyo kuna foleni?"

"Kama ni foleni, basi mimi niko mbele," Mama akasema. Kisha akaongeza jambo lililonifunga mdomo, mimi, mwenye mdomo huu. "Yeye ndiye aliyesema tuwapishe ninyi. Alisema watoto waoane, na sisi tujifiche hivi hivi mpaka uzee utumalize. Posa aliileta yeye mwenyewe, nami nikaipokea kwa mikono hii. Nikajaribu, Loveth. Nikasema tungoje mvua, labda nitazoea. Halafu Jumapili mawe yalipokatika ikabidi nimtoe mtu mzima yule kupitia dirishani, amelowa, kichwa wazi, magoti yametapakaa tope, anakimbia kwenye kahawa zangu kama mwizi. Nikamtazama mgongo mpaka akapotea. Nikasema basi. Nyumba hii ni yangu. Simtoi tena dirishani."

Shangazi alijifuta macho kwa kitenge kile kile.

Nilitafuta jibu. Nilikuwa nalo moja, zuri sana, lenye makali pande zote mbili. Nikaliangalia, nikaona nikilisema nitakuwa nimeshinda, na Mama atakuwa peke yake tena. Nikalimeza. Lilipita kwa shida.

Kombo akanisogelea hatua moja. "Loveth," akasema, "mimi siingii humo. Si leo, si kesho. Sitaki kuwa mtoto wa nyumba hii. Nataka kuwa mkwe."

Mama akafumba macho.

Hapo nje gari likaunguruma, likazima. Bati jipya lina mlio wake likishushwa, kama radi ya mtoto. Kisha ikasikika sauti nzito ya mtu mwenye furaha, mtu ambaye hakuwa na habari yoyote ya kilichokuwa kinaendelea ndani.

"Hodi hapa! Hodi kwa mkwe wangu! Nimekuja na bati za kumpa kijana kazi."

Mkwe wangu. Alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, kama mtu anayejikinga mvua kwa mwavuli mpana.

Mzee Abdulhamid akaingia amekumbatia mfuko wa misumari, kichwa wazi, jasho likimtiririka. Akaanza kugawa salamu kwa Baba mdogo na Shangazi, tabasamu tele, na salamu ya pili haikufika mwisho. Aliona nyuso zetu. Kisha akaona kilichokuwa mkononi mwangu. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kichwani, ukagusa upara, ukashuka.

Sote tukamgeukia Mama. Alikuwa anadaiwa jibu, na jibu lilikuwa na sehemu mbili. Karibu, halafu jina. Akimwita mkwe, nimepata mume. Baba mdogo alisogea mbele kwenye kochi.

"Karibu," Mama akasema.

Akapumua.

"Hawa wanakagua paa la chumbani, fundi amegoma kuingia. Ingia wewe uwaonyeshe panapovuja. Siku ile maji si yalikudondokea wewe?"

Shangazi akasema Yesu na Maria, kwa sauti ndogo.

Mzee Abdulhamid alimtazama mwanawe, wakatazamana muda, baba na mtoto, na sikuona hata mmoja akipepesa. Kisha mzee akamwekea Kombo mfuko wa misumari mikononi, kwa upole, kama mtu anayekabidhi duka. Akajifuta jasho. Akavuka sebule, akapita mbele ya kochi la marehemu baba bila kulitazama, akaja mpaka kwenye pazia la maua mekundu.

Ila mlangoni nilikuwa nimesimama mimi.

Kwa ukaribu ule, alinukia karafuu na chuma kipya. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nipishe, mwanangu," akasema.

"Usimpishe," Kombo akasema nyuma yake.

"Mpishe," akasema Mama.

Nikashika mwimo wa kushoto kwa mkono mmoja, na mwimo wa kulia kwa mkono wenye kofia.